Lifunguke Lote

Fundi Chaurembo kaja na futi begani, penseli sikioni,
kaipima nyumba yetu ya Temeke ukuta kwa ukuta
kama mshonaji anayempima bwana harusi.
Madirisha haya, kasema, yamechoka.
Kweli yamechoka. Mvule umevimba masika mawili mfululizo,
bawaba zinalia, komeo moja limefungwa kwa kamba ya katani,
na mchwa wamekula kingo za chini
polepole, kwa adabu, kama wageni wa hitima.

Hela katuma Kondo kutoka Maskati,
na pamoja na hela katuma picha:
alumini nyeupe, vioo vya bluu.
"Ya kusukuma, dada, kama ya Posta.
Mtu akipita ajue kwetu kumekucha."

Mimi nikachukua kigoda,
nikakaa chumba kwa chumba, saa kwa saa,
kuuangalia upepo unapoingilia.
Sebuleni huja alasiri, ukitokea bandarini,
una chumvi kidogo, una vumbi la malori ya Mandela.
Jikoni hauji. Jikoni ni moshi kutoka tu.
Kwangu unapita juu juu, kama hanijui.
Kwa mama unalala mpaka asubuhi.

La kusukuma, fundi, nikamwambia,
hufunguka nusu. Nusu ya pili ni kioo kinachotazama kioo.
Shimo ukutani ni zima,
mbona hewa nipewe nusu?
Akacheka. "Lakini dada yangu, grili inakaa vizuri,
wavu hautoboki, na mwenye ndoano atavua nini?"
Nayo ni kweli.
Juzi kwa Mwantumu wamevua simu na suruali
kwa mti mrefu, wenyewe wamelala, feni inavuma.

Na hiyo bluu? Inameza jua.
Umeme ukikatika saa nane mchana, Februari,
utakaa ndani kama andazi kwenye mafuta.

Basi tukagawa.
Sebuleni la kusukuma, Kondo apate picha yake, ila kioo cheupe.
Jikoni luva, zile za ofisi za serikali za zamani,
moshi utoke hata mvua ikinyesha.
Kwangu, kwangu sijaamua.

Likabaki la mama.
Mama hainuki tena. Mwaka wa pili huu
mtaa anausoma kwa masikio:
muuza kahawa na vikombe vyake,
mtoto wa Zawena anayekokota ndala,
boza la maji likirudi nyuma, likilia.
"Hilo jipya," akauliza, "litafunguka lote?"

Fundi akalivua bawa la kushoto, akaligeuza juani,
akanyamaza.
Kwa ndani, penseli, mwandiko wa mama wa mwaka sabini na kitu:
Bi Sikudhani, maandazi manane.
Mwalimu wa zamu, chai mbili, hajalipa.
Dereva wa takataka, mwisho wa mwezi.
Chaurembo, vitumbua sita.

Dirisha hili lilikuwa duka. Ndilo lililotusomesha.

"Huyu ni baba," fundi akasema.
"Baba hakupenda kudaiwa."
"Alipenda vitumbua," mama akajibu kutoka kitandani.

Bei ya kazi imepungua:
vitumbua sita kwa bei ya leo,
elfu moja na mia mbili. Kaziandika kwenye risiti.

Fremu mpya ni ya mninga, mabawa mawili,
yanafunguka nje hadi yanagusa ukuta;
wavu kwa ndani, na grili, ndiyo, grili,
hatuishi peponi.
Bawa la zamani limeegemea nyuma ya mlango.
Mchwa bado wamo. Nimelipaka mafuta ya taa,
upande usio na majina.
Bi Sikudhani hajalipa.

Jana Kondo kapiga: mbona alumini
naiona kwenye picha moja tu?
Nimemwambia mtandao unasumbua.